Mipini Laini ya Mkurugenzi

Kuna wanaume ukiwaambia nywele zimewakimbia, watacheka. Ukiwaambia matumbo yao yanatangulia kuingia mlangoni kabla yao, watacheka zaidi na kuyapigapiga. Lakini waambie kwamba fimbo ya gofu inayowafaa ni laini, utadhani umewatukania ukoo mzima mpaka babu wa babu.

Mama Jiliwa aliwajua wanaume hao mmoja mmoja. Walikuwa wakimpitia mikononi miaka nenda rudi, katika karakana yake iliyo nyuma ya jengo la klabu. Ni chumba kirefu, chembamba, chenye harufu ya gundi na mpira uliopashwa moto, na upande mmoja kina mlango unaotokea kwenye wavu mkubwa wa kupigia mipira ya majaribio. Hata mmoja wao hakuwahi kuingia akasema, "Fundi, mimi nguvu zangu ndizo hizi, nipimie kinachonifaa." Wote waliingia kifua mbele kama jogoo wa jirani.

Hilo jina la Jiliwa alipewa na wao wenyewe. Jiliwa ni kile chuma cha mezani kinachobana kitu kisitikisike fundi anapofanya kazi. Walisema ulimi wa mama huyu ukishakubana, furukuta utakavyo, hutoki mpaka akulegeze kwa hiari yake. Mwenyewe wala hakuchukia. Alisema afadhali kuitwa jina la kifaa chenye kazi kuliko kuitwa mheshimiwa usiye na lolote.

Sasa, huenda wewe hujawahi kushika fimbo ya gofu. Usione haya, hujapungukiwa na kitu. Fimbo ina kichwa cha chuma chini, ina mshiko wa mpira juu, na kati yake kuna mpini wa chuma. Watu wote hukodolea macho kichwa, kwa sababu ndicho kinachong'aa. Mama Jiliwa alitazama mpini. Kuna mpini mgumu kama nondo, na kuna unaonepa. Kijana mwenye mikono ya kazi akipewa mpini unaonepa mno, kichwa cha fimbo humtangulia na mpira hukata kona kushoto ukaishia vichakani. Aliyeanza kuchoka naye akipewa mpini mgumu, mpira hauinuki. Unatambaa na nyasi kama panya aliyeona paka. Kwa hiyo kila mtu na mpini wake. Watengenezaji hubandika juu ya kila mpini alama ndogo ya karatasi ya plastiki inayosema ugumu wake: wa vijana, wa kawaida, wa wazee, wa wanawake. Na hapo ndipo balaa linapoanzia, maana mwanamume hapigi mpira tu kwa mpini wake, anausoma pia.

Kabla ya gofu, Mama Jiliwa alikuwa mshonaji wa nguo. Mumewe, mkata nyasi wa uwanja ule ule, alikuwa akiokota fimbo ambazo waheshimiwa walizivunja kwenye miti kwa hasira, akazileta nyumbani. Mkewe alizitazama kama alivyotazama gauni lililochanika: pabaya ni wapi, na pazima ni wapi. Akaanza kuziunga. Kupima watu kulikuja kwenyewe, kwa kuwa tayari alijua siri kubwa ya mkanda wa kupimia, kwamba mtu akipimwa hajifichi kwa nguo, hujificha kwa pumzi. Wanawake walikuwa wakivuta tumbo ndani mkanda ukifika kiunoni. Wanaume wa gofu walikuwa wakipiga mpira wa kwanza kwa nguvu za kuangusha mnazi, ili aandike kwamba wao ni simba. Basi naye aliwaacha wapige, wapige, huku akiwauliza habari za watoto na za mabati ya nyumba, mpaka jasho liwatoke na simba arudi kuwa mtu. Hapo ndipo alipofungua macho.

Na akishafungua macho, alifungua mdomo. "Baba, wewe ni mpini wa wazee. Usininunie, sikukuzeesha mimi." Wengi walinuna. Wengi walirudi baada ya mwezi, kimyakimya.

Huyo ndiye Mama Jiliwa. Hajawahi kumdanganya mtu kuhusu fimbo, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyetuweka hapa.

Huyo mmoja aliitwa Mkurugenzi. Ukurugenzi wenyewe ulikwisha zamani, hata ofisi aliyoiongoza ilishafungwa na jengo likageuzwa kuwa ghala la magodoro, lakini yeye aliendelea kutembea kama mtu anayefunguliwa milango. Akisalimiwa bila cheo, aliangalia nyuma kuona ni nani anayesalimiwa. Kupingwa hakukuvumilia kabisa. Uchumba wa mtoto wake wa kwanza ulivunjikia sebuleni kwake kwa sababu mjomba wa binti alimsahihisha njia ya kwenda posta. Njia ya kwenda posta tu, jamani! Wageni walirudishwa na zawadi zao, na yule kijana hakuoa mpaka alipohamia mji mwingine.

Sasa mtoto wake wa pili, kijana anayefunga na kutengeneza lifti za maghorofa, alikuwa amempenda binti wa Mama Jiliwa, muuzaji wa duka la dawa. Walipendana kweli, si mapenzi ya kuonyeshana. Wazazi walishakutana, wakabadilishana maneno matamu, na ilibaki siku moja tu ya kukaa kwa Mkurugenzi, wale chakula cha mchana, wataje tarehe. Siku hiyo ilipangwa Jumapili, baada ya mashindano ya wanachama. Na kwa mashindano hayo, Mkurugenzi alitaka fimbo mpya.

Binti alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, nina ombi moja tu katika maisha yangu."

"Moja? Wiki iliyopita ulitaka viatu."

"Mama!"

"Haya, sema."

"Baba yake akija kupimwa, nakuomba ufunge mdomo. Akisema yeye ni chuma, mwambie ni chuma."

"Na kama ni ugali?"

"Mwambie ni chuma, mama. Unajua yaliyompata kaka yake."

Mama Jiliwa aliendelea kusugua sufuria, na kwa mama yule, huko kulikuwa ndiko kukubali.

Mkurugenzi alikuja na kofia, glavu mpya, na mwavuli, ingawa mbingu ilikuwa kavu. Alipiga mpira wa kwanza, ulitambaa. Akasema wavu umelegea. Wa pili ukatambaa. Akasema mwanga wa chumba unamwingia jichoni. Wa tatu aliukosa kabisa, akaitazama fimbo ya majaribio kwa huruma, kama bosi anayemtazama karani aliyemwangusha.

"Fimbo zako hizi zimechoka, mzazi mwenzangu."

"Ndiyo, mzazi mwenzangu," akasema Mama Jiliwa. Meno yalimuuma kwa kuyabana.

"Mimi niwekee mpini mgumu. Mgumu kuliko yote uliyo nayo. Wengine hapa wanapiga fimbo za kubembeleza. Mimi si wa kubembeleza."

"Mgumu kuliko yote."

"Umeniona mkono ulivyo."

"Nimeuona."

Alipoondoka, Mama Jiliwa alikaa juu ya kigoda akawaza. Akimpa mipini ile migumu, Jumapili mpira utatambaa mbele ya wanachama wote, naye atakuja mezani na moyo mweusi akitafuta wa kumlaumu, na wa kumlaumu atakuwa fundi, mama wa binti. Akimwambia ukweli, uchumba utafia pale pale. Basi akafanya asilowahi kufanya. Alichukua mipini laini kuliko yote, ile yenye alama ya wanawake, akaipasha alama zake moto kidogo, akazibandua kwa wembe, akafuta mabaki, akabandika juu ya chapa ya kiwanda alama za vijana wenye nguvu. Akaunganisha vichwa, akafuta gundi iliyochuruzika, akavisha mishiko mipya. Mumewe aliingia akamkuta na wembe mkononi.

"Mke wangu, hiyo ndiyo kazi yako siku hizi? Kuwavika watu vilemba vya ukoka?"

"Wewe ndiye unayekata ukoka. Mimi nafuma tu."

"Sitanii. Kazi yako ni kumwambia mtu alivyo."

"Wiki hii kazi yangu ni kuoza mtoto. Nipishe mwanga."

Basi, Mkurugenzi alipojaribu fimbo zile, mipira ikainuka. Mtu ambaye maisha yake yote mpira wake haukuwahi kuvuka urefu wa magoti, leo unapaa, unatua mbali, unadunda kwa adabu. Akawa haambiliki wala hasemezeki. Alitembeza fimbo zile baa nzima ya klabu. "Shika hapo. Soma hiyo alama. Soma kwa sauti!" Na waliosoma kwa sauti waliona wivu, kwa kuwa kwenye klabu ile akili na glavu huvuliwa mlangoni pamoja. Wengine wenye umri wake walikimbilia karakana wakataka mipini "kama ya Mkurugenzi". Mama Jiliwa aliwakataza kwa dhati, wakamwona ana choyo. Aliyeng'ang'ania mpaka akapewa migumu ya kweli alilala kifudifudi wiki nzima akikandwa mgongo na mkewe, huku akiapa kwamba ameanza kuizoea.

Ikafika Jumapili. Mkurugenzi hakushinda, lakini alishika nafasi ambayo hakuwahi kuiota, na kwa kelele zake ungedhani kombe limeibwa njiani. Familia zote mbili zilikuwa zimeshafika kumsubiri, waende pamoja kula. Hapo, mbele ya wanachama waliosimama na vinywaji vyao, akamwita mwanawe.

"Wewe fundi lifti! Njoo uonje fimbo za wanaume."

Kijana alicheka kwa heshima. Si mchezaji wa kila siku, lakini alijua kupiga, na mabega yake yalikuwa ya mtu anayeshinda akivuta nyaya za chuma. Mama Jiliwa aliyatazama yale mabega, kisha akatazama fimbo ile ikinepa hewani. Alijua mpira utakwenda wapi kabla haujaguswa.

Mpira wa kwanza ulikata kushoto, ukapotelea vichakani. Wa pili, kushoto tena. Kijana akakaza mikono zaidi, jambo baya kuliko yote ambalo angeweza kufanya, na wa tatu ukaruka kushoto kabisa ukagonga tangi la maji, likalia kama ngoma. Watu waliangua kicheko. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba yake.

"Si mnaona! Fimbo hizi zinataka mikono, siyo kubonyeza vitufe! Mimi mzee nazitawala, yeye zinamtawala!"

Kijana alirudisha fimbo, akabaki akitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Ungefikiri mzaha uliishia hapo. Haukuishia. Mezani, nyumbani kwa Mkurugenzi, mfuko wa fimbo uliwekewa kiti chake, karibu na kichwa cha meza, na mgeni mmoja ikabidi aketi kwenye stuli. Chakula kikapakuliwa. Mkurugenzi akagonga glasi kwa kijiko.

"Nimetafakari," akasema. "Nimeona leo kwa macho yangu. Mwanamume anayeshindwa na fimbo, nyumba ataiweza? Akomae kwanza. Tarehe tutazungumza mwakani, au mwaka unaofuata. Hakuna haraka. Karibuni chakula."

Hakuna aliyegusa chakula. Binti alimtazama mama yake. Hakujua chochote kuhusu zile alama. Alikuwa anatafuta tu uso wa kumshika. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamewiva. Na Mama Jiliwa akaona kazi yake yote imewekwa mezani kama sahani: aliongopa ili mtoto aolewe, na uongo ule ule ndio unaomvunjia mtoto ndoa.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "kijana hana kosa."

"Ni wajibu wako kumtetea. Nakusifu."

"Simtetei. Mipini ni laini. Niliiweka mimi. Alama ulizosoma nilizibandika mimi, za chini yake nilizibandua. Kijana ana nguvu kuliko fimbo, ndiyo maana zinamkimbilia kushoto. Mtu yeyote mwenye nguvu zake zingemfanyia hivyo hivyo."

Mkurugenzi alicheka, ila kicheko kilichelewa kidogo kufika.

"Mnasikia? Mwanamke huyu yuko tayari kujiita mwongo mbele za watu ili amwokoe mkwewe!"

"Nitabandua mbele ya macho yako. Chini ya alama, kwenye chuma chenyewe, kuna chapa ya kiwanda. Huo ni ushahidi usiohitaji ulimi wangu."

Akainuka, akaunyooshea mkono mfuko. Na hapo yule mzee, ambaye kwa kuinuka kitini huhitaji kuvutwa na watu wawili, aliruka kama aliyekalia kaa la moto, akaukumbatia mfuko kifuani.

"Usiguse fimbo zangu!"

Mama Jiliwa alisimama hatua moja kutoka kwake. Mtu asiyejua kitu angemwambia, bandua, tuone, uumbuke. Huyu mzee alizidi kuubana mfuko. Kisha Mama Jiliwa akaiona. Kwenye fimbo iliyotokeza juu kuliko nyingine, alama ilikaa upande upande, na pembeni mwake gundi ilikuwa imevimba na kukauka kama ute wa yai. Maisha yake yote hakuwahi kuiacha gundi ikauke hivyo.

"Gundi hii si yangu," akasema taratibu.

"Maana yake nini, mama?" kijana akauliza.

"Maana yake kuna mtu aliibandua alama yangu akachungulia chini. Halafu akairudishia."

Kijana akamgeukia baba yake.

"Ulikuwa unajua, baba?"

Mkurugenzi hakumtazama. Alirekebisha mkanda wa mfuko begani.

"Kula. Chakula kinapoa."

"Pale uwanjani, uliponiita mbele ya watu wote. Ulikuwa unajua kwamba zitanipeleka kushoto?"

"Nimesema kula!"

Basi kijana akaanza kula. Alikula kijiko kimoja, viwili, akameza vizuri, akafuta mdomo. Kisha akawageukia wazazi wa binti kana kwamba kile kiti cha juu hakina mtu, na kwa kweli hakikuwa na mtu, maana mwenyewe alikuwa amesimama ukutani amekumbatia fimbo.

"Baba, mama," akawaambia, "mimi na mwenzangu tulishakubaliana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Tulikuwa tunangoja kusemewa. Sasa nasema mwenyewe."

"Bila baraka yangu?" sauti ikatoka ukutani.

"Ukiipata, baba, njoo nayo."

Mkata nyasi, ambaye tangu afike hakuwa amesema neno zaidi ya kushukuru maji, akasema, "Jumamosi ni siku nzuri. Sikati nyasi Jumamosi." Na binti akaangua kilio kile cha kucheka.

Lakini msidhani Mama Jiliwa alitoka pale akipigiwa vigelegele. Njiani binti alitembea mbele, hakumshika mkono.

"Mimi nilikuomba ufunge mdomo, mama. Sikukuomba udanganye."

"Kuna tofauti gani?"

"Amechekwa na klabu nzima kwa ajili ya kazi ya mikono yako. Kamwombe radhi. Siyo mimi, yeye."

Mama Jiliwa, aliyewabana waheshimiwa wasiohesabika, safari hii akabanwa yeye. Kesho yake alikwenda mpaka kwenye jengo ambalo kijana alikuwa akifunga lifti, akapanda ngazi ghorofa hadi ghorofa kwa kuwa lifti yenyewe ndiyo ilikuwa bado, akamwomba radhi mbele ya mafundi wenzake huku akihema. Kijana alimwekea ndoo aikalie na kumpa maji. Akamwambia, "Yameisha, mama. Ila ungeningoja chini."

Arusi ikawa Jumamosi ile. Mkurugenzi alikuja, akachelewa makusudi ili watu wasimame kumpisha. Walikuwa wanacheza, hakuna aliyemwona akiingia.

Tangu hapo Mama Jiliwa ameng'oa alama zote. Mpini ukifika tu kutoka kiwandani, anaibandua alama na kuikwangua chapa mbele ya mwenye nao, na fimbo hutoka karakanani chuma kitupu. Wanaume wanalalamika sana. "Fundi, sasa huu ni mgumu au ni laini?" "Piga." "Lakini nitajuaje?" "Mpira utakwambia. Una adabu kuliko mimi." Wanazunguka nao, wanaukunja, wanauinulia juani kutafuta maandishi, kisha wanapiga kwa sababu hawana jingine la kufanya.

Mkurugenzi bado anacheza kwa fimbo zile zile. Mishiko ikichakaa huzileta mwenyewe, hamtumi mtu, na husimama kando ya jiliwa muda wote wa kazi, mkono mmoja umefunika ile alama iliyokaa upande. Hawazungumzi habari ya siku ile. Juzi tu Mama Jiliwa, huku anavuta mshiko mpya mahali pake, alimwuliza kwa upole wa kutisha:

"Vipi, mzazi mwenzangu, zinakwendaje?"

Mkurugenzi akakohoa, akatazama mlangoni kama kuna anayesikia.

"Ngumu kidogo," akasema. "Lakini mimi nimezizoea."